Karantini: Haki ya Aliyezuiwa na Usalama wa Watu Wote

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba wake.

Kila yanapozuka maradhi ya kuambukiza, maswali mnayotuletea huwa ya namna mbili, na mara nyingi hutoka mtaa mmoja. Wa kwanza huuliza: mimi ni mzima, sina homa wala sitapiki, kwa haki gani nizuiwe nisirudi kwa watoto wangu? Wa pili huuliza: kwa nini waliokaa na mgonjwa wanaachiwa watembee sokoni na msikitini, kwani roho zetu sisi hazina thamani? Wote wawili wanadai kitu ambacho sheria ya Kiislamu inakilinda. Mmoja anadai uhuru na heshima yake, mwengine anadai uhai. Makala hii inaeleza namna Maswahaba na maulamaa walivyozikutanisha haki hizi mbili, na mambo gani familia inapaswa kuyajua kabla maradhi hayajabisha hodi.

Sisi watu wa visiwani suala hili linatugusa zaidi. Bahari inatulinda, lakini chombo kimoja kinatosha. Mwisho wa Januari 2024 boti iliyotoka Tanzania ilifika Moroni, Ngazija, ikiwa na abiria wagonjwa na mmoja wao ameshafariki. Tarehe 2 Februari serikali ya Komoro ikatangaza mlipuko wa kipindupindu. Nusu ya mwaka haikumalizika ila maradhi yalikuwa yameshafika visiwa vyote vitatu na kuvuka hadi Mayotte. Hatuielezi habari hii ili kuwalaumu waliopanda boti ile. Tunaieleza kwa sababu kila mmoja wetu anaijua bandari bubu moja au mbili, pahala chombo kinashusha watu usiku bila ya mtu wa afya wala wa forodha. Sheria kali ya karantini kwenye gati kubwa inaweza kumaanisha tu kwamba watu watashukia kwengine. Hapo ndipo ilipo nukta ya makala yote hii: aliyezuiwa akitendewa vibaya, wanaomfuatia watajificha, na usalama wa watu ndio unaopotea.

Karantini ni nini hasa

Watu huchanganya mambo mawili. Kumtenga mgonjwa ni kumweka mbali na wengine mtu ambaye tayari anaumwa. Karantini ni kumzuia mtu ambaye haumwi, lakini amekaa na mgonjwa au ametoka mahali penye maradhi, mpaka zipite siku ambazo maradhi yangejitokeza kama angekuwa nayo. Neno lenyewe limetoka kwa Wataliani na asili yake ni hesabu ya siku arubaini, kwani ndivyo meli zilivyokuwa zikisubirishwa nje ya bandari zao kwa kuogopa tauni. Mji wa Dubrovnik uliweka sharti la siku thelathini mwaka 1377.

Siku hizo leo hazikisiwi. Kipindupindu hujitokeza baada ya saa chache hadi siku tano. Ebola na Marburg huweza kuchukua hadi siku 21. Kwa Korona watu walizoea kusikia siku 14. Kwa hiyo ukiambiwa ukae, swali la haki la kwanza ni: ugonjwa gani, na siku ngapi? Anayekuzuia bila ya kuweza kujibu hilo hajatimiza wajibu wake.

Na si kila ugonjwa karantini inaufaa. Kipindupindu hakiendi kwa pumzi. Kinapita katika maji na chakula kilichoingia uchafu wa choo. Kumwekea mtu mlinzi mlangoni wakati kisima cha mtaa hakijatiwa dawa ni kujisumbua. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwazuia wasafiri kwa sababu ya kipindupindu. Linahimiza maji safi, vyoo, na mgonjwa kupewa haraka maji ya chumvi na sukari. Tunalisema hili kwa sababu mwaka 2016, wakati Zanzibar ilipofunga skuli kwa mlipuko wa kipindupindu, bado kuna waliokuwa wakimkwepa jirani mgonjwa lakini wakila na kunywa walimani bila ya kuuliza maji yametoka wapi.

Sunna ya Mtume (S.A.W.) na kisa cha Sargh

Asili ya hukumu hii ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kwamba mkisikia tauni imeingia katika ardhi msiiendee, na ikiingia mlipo msitoke kwa kuikimbia. Tena Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Na katika ujumbe wa Thaqif alikuwamo mtu mwenye ukoma. Mtume (S.A.W.) alimtumia ujumbe kwamba baia yake imekubaliwa, arejee. Angalia vizuri kisa hiki: mtu yule alizuiwa kukaribia, lakini haki yake haikupotea. Baia yake ilihesabiwa kamili kama ya wenzake.

Wapo wanaoshika hadithi isemayo hakuna kuambukizana, wakaona kuchukua tahadhari ni udhaifu wa imani. Maulamaa wameshalijibu hili: kilichokanushwa ni itikadi ya kijahiliya kwamba ugonjwa unaambukiza kwa nguvu zake wenyewe. Sababu zenyewe zipo, na Allah ndiye aliyeziweka. Aliyesema maneno hayo ndiye huyo huyo aliyeamrisha kujiweka mbali na mwenye ukoma.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika mahali paitwapo Sargh na wakuu wa jeshi wakampa habari kwamba tauni imeingia. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliosilimu wakati wa kufunguliwa Makka, na hao wakawa na kauli moja: rudi na watu. Akatangaza kwamba asubuhi wanageuza. Abu Ubayda (R.A.) akampinga mbele ya watu kwa kumuuliza iwapo anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji aliyefika bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu. Popote atakapolisha ni kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwapo mwanzo, akawasimulia ile hadithi ya Mtume (S.A.W.), na Umar akamhimidi Allah.

Kisa hiki husomwa sana mimbarini kwa ajili ya jibu la kadari. Sisi tunaona kina funzo jengine linalopitwa. Khalifa alishauriana mara tatu, akatangaza uamuzi wake wazi, akamwacha mtu ampinge hadharani bila ya kumtia adabuni, na akatafuta elimu ya mwenye kujua. Mamlaka inayowazuia watu leo ina ruwaza hapa.

Abu Ubayda yeye alibaki na watu wake. Imepokewa kwamba Umar alimwandikia amjie kwa haja, naye akafahamu kwamba anataka kumwokoa, akaomba udhuru asiwaache askari wake. Alifariki katika tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, na baada yake Muadh bin Jabal (R.A.). Amr bin al-As (R.A.) alipochukua uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani, na maradhi yakaondoka.

Kwa nini mzima akatazwe kutoka? Wengi hujibu: asiwapelekee wengine. Hiyo ni sahihi. Lakini Imam Ghazali katika Ihya ameongeza sababu ambayo inatufaa sana. Lau wazima wangeruhusiwa kuondoka, mjini wangebaki wagonjwa peke yao, hawana wa kuwapa maji wala chakula wala wa kuwazika. Yaani amri ya kubaki ilikusudia kuwalinda walio nje, na pia kuhakikisha walio ndani hawatupwi.

Anayezuiwa hulishwa

Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Umar (R.A.) alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba. Alimwita mja wa Allah, akamwambia asiwaudhi watu, na kwamba ingekuwa bora akae nyumbani kwake. Akakaa. Baada ya Umar kufariki mtu mmoja akamwambia: aliyekukataza ameshakufa, toka. Akajibu kwamba yeye si wa kumtii akiwa hai kisha amuasi akiwa maiti.

Hakupigwa, hakuburutwa, hakutangazwa. Aliambiwa kwa maneno laini, akaelewa sababu, na aliendelea kutii wakati ambapo hakuna tena wa kumlazimisha. Utiifu wa namna hii haupatikani kwa virungu.

Imam Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tunamrejea sana, ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim habari ya mtu anayejulikana kuwadhuru watu kwa kijicho. Amenukuu kauli ya baadhi ya wanazuoni kwamba kiongozi amzuie asichanganyike na watu na amwamrishe akae nyumbani, na kama ni masikini ampe riziki ya kumtosha. Wakalinganisha madhara yake na ya mla kitunguu thaumu anayezuiwa msikiti, na ya mwenye ukoma ambaye Umar alimzuia. Tazama jinsi hukumu mbili zilivyofungwa katika kauli moja: zuia, na lisha. Hakuna aliyesema azuiwe halafu atajijua.

Historia inashuhudia hivyo. Umar (R.A.) alipopita Jabiya aliwakuta Wakristo wenye ukoma akaamuru wapewe katika sadaka na wawekewe chakula. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik aliwapangia wenye ukoma posho na kuwakataza kuombaomba, na asiyeweza kutembea akampa mtumishi.

Kwa hiyo mvuvi anayezuiwa siku 14 asitoke baharini, na mama anayeuza urojo jioni ili kesho wanawe wapate chai, wana haki mbele ya serikali na mbele yetu. Serikali ikishindwa, jukumu linashuka kwa jamaa, jirani na msikiti. Ambaye kwa kuzuiwa hana tena cha kumtosha yeye na anaowalisha anaingia katika mafakiri na masikini, na anaweza kupewa zaka. Kamati za misikiti zisisubiri aombe. Sheha anayo orodha, mwulizeni.

Changuu na Kamaran

Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, wageni wanakiita kisiwa cha gereza. Jengo lake lilijengwa miaka ya 1890 kwa mpango wa Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani, na lilikusudiwa kufungia wahalifu. Halikutumika hivyo. Likageuzwa kituo cha karantini kwa abiria wa meli waliohofiwa kuleta maradhi, hasa homa ya manjano. Ni jambo la kutafakari kwamba kuta zile zile zilizokusudiwa wahalifu zilitosha kwa wasafiri wasio na kosa. Tofauti ya gereza na karantini haimo katika kuta. Imo katika namna aliye ndani anavyotazamwa na aliye nje.

Wazee wetu waliokwenda Hija kwa meli waliijua karantini kwa jina jengine, Kamaran. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka wakati wa Hija, na inakadiriwa mahujaji 15,000 walifariki, kisha maradhi yakafuata meli hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kujadili Hija na kipindupindu. Dola ya Uthmania ikafungua kituo katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Sham, mwaka 1882, na mahujaji waliotokea kusini kupitia Bab el-Mandeb wakawa lazima washuke hapo kabla ya Jeddah. Hatari ilikuwa ya kweli na kituo kilikuwa na sababu. Lakini mahujaji walitozwa ada, walilalamikia maji na makaazi, na masikini aliyeweka akiba kwa miaka aliona sehemu yake ikiliwa kisiwani. Wengi waliona kwamba wanaadhibiwa kwa sababu wanakwenda kuhiji. Hisia hiyo, iwe ya haki au si ya haki, ndiyo iliyowafanya wengine watafute njia za kukwepa.

Mambo haya hayajaisha. Machi 2020 Tanzania iliagiza wasafiri kutoka nchi zilizoathirika na Korona wakae siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Kenya nayo iliwapeleka waliofika katika mahoteli na mabweni kwa gharama zao, na kuna waliopelekwa karantini kwa kosa la kukutwa nje saa za kafyu. Hili la mwisho ni kosa kubwa. Ukiifanya karantini kuwa adhabu, umewaambia watu wote kwamba aliyeko humo amefanya uovu, na umemweka mzima pamoja na anayeshukiwa. Mei 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kubeba gharama katika vituo vyake.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi zetu zimezikubali, zinasema msafiri aliyetoka nje asitozwe kwa karantini aliyowekewa, isipokuwa anayekuja kutafuta ukaazi. Zinataka pia aheshimiwe utu wake, jinsia yake, mila na dini yake, na apatiwe chakula, maji, makaazi yanayofaa, matibabu na njia ya kuwasiliana na watu wake. Tunayataja ili mjue kwamba kudai maji ya udhu na chakula cha halali karantini si kujitia makuu. Ni haki iliyoandikwa.

Mahakama ya Kenya na wagonjwa wa kifua kikuu

Agosti 2010, huko Kapsabet, Kenya, hakimu aliamuru wagonjwa wa kifua kikuu walioacha kumeza dawa wawekwe gerezani miezi minane. Kwa upande mmoja maafisa wa afya walikuwa na hoja. Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati anaweza kujenga ugonjwa sugu usiosikia dawa za kawaida, kisha akauambukiza kwa kukohoa tu. Sheria ya afya ya umma iliruhusu atengwe. Lakini gereza lina msongamano, halina hewa, na lina wafungwa ambao hakuna aliyewahukumu kuambukizwa kifua kikuu. Walikaa siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru watolewe.

Tarehe 24 Machi 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu kwamba kuwafungia wagonjwa gerezani kulivunja haki zao za kikatiba, na ikaitaka serikali iweke utaratibu wa kuwatenga wagonjwa unaoendana na katiba na miongozo ya afya. Mahakama haikusema kwamba mgonjwa ana haki ya kuzunguka akiambukiza. Ilisema gereza si mahali pa tiba. Katiba ya Tanzania nayo, ibara ya 30, inakubali sheria ipunguze uhuru wa mtu kwa ajili ya afya ya jamii, kwa hiyo mlango upo. Suala ni namna ya kuupita.

Wanafikihi walilisema hilo kwa lugha yao zamani. Madhara yanayompata mmoja huvumiliwa ili kuepusha madhara ya umma, na hapo ndipo uhalali wa karantini unapotoka. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na uamuzi wa kiongozi juu ya raia umefungamana na maslahi yao. Ukiziweka kanuni hizi pamoja utapata kwamba mtu azuiwe pale tu kuzuiwa kunapozuia maradhi kweli, nyumbani kwake kama nyumba inatosha kabla ya kupelekwa kituoni, kwa siku zinazojulikana, na akipita siku hizo salama aachiwe siku hiyo hiyo. Kumweka mtu siku tatu zaidi kwa sababu afisa wa kusaini karatasi amesafiri ni dhulma.

Maswali ya kifamilia

*Swala ya Ijumaa na jamaa.* Aliyezuiwa ana udhuru, na anaswali adhuhuri. Ibn Abbas (R.A.) siku ya mvua na tope alimwamrisha muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao, na akasema aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo. Tope ni jepesi kuliko maradhi. Anayejijua ana dalili za ugonjwa wa kuambukiza kisha akaenda safu ya mbele hakupata fadhila ya safu ya mbele, amewaudhi waumini. Ama mikusanyiko ya dua, Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake, ameeleza katika kitabu chake cha tauni yaliyotokea Cairo mwaka 833 Hijria. Waliokufa kwa siku hawakufika 40. Watu wakafunga, wakatoka pamoja jangwani kuomba, na mwezi haukwisha ila waliokufa kwa siku walizidi elfu. Dua ni silaha ya muumini na haihitaji msongamano.

*Kuficha.* Anayeulizwa na watu wa afya kama amekaa na mgonjwa, akakataa hali ya kuwa alikaa naye, amesema uongo unaoweza kuua. Hata hivyo tusijifanye hatujui kwa nini watu wanaficha. Wanaficha kwa sababu jina lao litatajwa mtaani, picha yao itasambazwa katika makundi ya simu, na binti yao hatoposwa. Kusambaza jina la mgonjwa ni kuvunja sitara ya Muislamu. Anayehitaji kujua ni daktari na waliokaa naye, si wanachama mia mbili wa kundi la harusi.

*Kina mama na watoto.* Kituo kitenganishe wanaume na wanawake, na mwanamke ahudumiwe na mwanamke inapowezekana. Mtoto anayenyonya asitenganishwe na mamake ila kwa sababu ya kitabibu aliyoelezwa na kuifahamu. Familia ina haki ya kudai hili mapema, kwa adabu. Mwanamke aliye edani anaruhusiwa kutoka nyumbani kwa eda kwa dharura, na kupelekwa hospitali au kituoni ni dharura. Eda yake haivunjiki.

*Janaza.* Hapa ndipo penye uchungu zaidi. Maiti wa kipindupindu anaweza kuoshwa kwa tahadhari, waoshaji wakivaa kinga na wakielekezwa na watu wa afya. Maiti wa Ebola au Marburg ni hatari kumgusa, kwani mwili wake baada ya kufa ndio wenye maambukizi mengi. Ikishindikana kuosha, anatayamamishwa. Mwaka 2014, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa maziko salama uliweka nafasi ya kumtayamamisha maiti Muislamu juu ya mfuko aliomo na kumtia sanda. Familia iruhusiwe kuswali kwa umbali na ioneshwe kaburi. Waliozuiwa wataswali kaburini siku zao zikimalizika, kwani Mtume (S.A.W.) alimswalia kaburini aliyekuwa akisafisha msikiti wake. Aliyefariki nje ya kisiwa anaswaliwa swala ya ghaibu. Kwa hali ya maiti ambaye hata kutayamamishwa hakuwezekani maulamaa wametofautiana, na familia imuulize kadhi au Ofisi ya Mufti kabla ya kuzozana na watu wa afya.

Matanga yapunguzwe, na chakula kipelekwe kwa wafiwa badala ya watu kwenda kula kwa wafiwa. Hii ndiyo Sunna ya asili, iliyoanza pale Mtume (S.A.W.) alipoamrisha watu wa Jaafar (R.A.) watengenezewe chakula. Maradhi yakitulazimisha kuirejea, tumepata faida.

*Kukimbia karantini.* Tumeulizwa: mtu akizuiwa bila ya kulishwa, au siku zimepita hakuachiwa, anaweza kutoroka? Siku zikiwa bado, asitoroke hata kama amedhulumiwa katika huduma, kwa sababu madhara ya kutoroka kwake yatawaangukia ambao hawakumdhulumu: mkewe, mzee wake, dereva wa daladala. Adai haki yake kwa njia zake, kwa mkuu wa kituo, kwa sheha, kwa diwani, kwa mahakama, na watu wake walio nje wamsemee, kwani yeye hawezi kutoka. Siku zikimalizika na hana ugonjwa, hakuna sababu ya kisheria ya kumzuia, na dhambi ya kila saa inayozidi iko juu ya mwenye ufunguo. Aombe kuandikiwa sababu. Na aliyekaa siku zake zote akavumilia huku akitaraji malipo kwa Allah, tunamtarajia fungu katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyo katika Bukhari, juu ya anayebaki katika mji wa tauni akisubiri, kwamba ana ujira mfano wa shahidi, ingawa maradhi hayakumgusa.

Wallahu a'lam.